UZI: Rejista ya vituo vya afya na OpenStreetMap, namna ya kulinganisha bila kumwonea mtu

mpima_kata

Wakuu, habari za kazi.

Siku hizi mtu anapakua orodha ya vituo vya afya kutoka rejista ya Wizara ya Afya (HFR), anaitupia juu ya OpenStreetMap (OSM, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea), anahesabu alama ambazo hazijakutana, kisha anaposti kwamba data ya serikali ni mbovu kwa asilimia kadhaa. Mwingine anageuza kibao, anaikandia ramani ya wananchi kwa kutumia rejista. Asilimia za namna hiyo hazina kichwa wala miguu, kwa sababu zimebeba mambo manne kwa mpigo: kituo hakipo kabisa, kituo kipo ila alama imekaa pabaya, kituo ni kilekile ila kina majina mawili, na kituo ambacho upande mmoja haukuwahi kuwa na kazi ya kukiorodhesha. Uzi huu ni wa kuyatenganisha hayo. Mfano ni mkoa wa Dar es Salaam, ila hatua ni zilezile popote.

DATA. Rejista ipakue kama Excel, weka tarehe kwenye jina la faili, na nakala ya kwanza usiiguse. Chuja hali ya kituo mapema: vilivyofungwa na ambavyo bado havijaanza kazi viweke pembeni, usivifute, utavihitaji baadaye. Upande wa OSM fungua Overpass Turbo, tovuti ya kuvuta data za OSM, ubandike hii:

```
[out:json][timeout:180];
area["ISO3166-2"="TZ-02"]->.a;
(
  nwr["amenity"~"^(hospital|clinic|doctors)$"](area.a);
  nwr["healthcare"](area.a);
);
out center meta;
```

Kuna maneno hapo watu huyaruka. Hospitali kubwa huchorwa kama eneo, si nukta. Ukiandika "node" (nukta tu) badala ya "nwr" (nukta, mistari na maeneo), au ukiacha "center", Muhimbili haitatoka na latitudo wala longitudo, na kesho utaandika kwamba haimo kwenye ramani. "meta" inakupa tarehe ya mara ya mwisho mtu kuigusa alama.

Usiulize "hospital" peke yake. Zahanati mmoja ameiwekea amenity=clinic, mwingine doctors, wa tatu ameongeza health_facility:type=dispensary. Vuta zote, kisha toa maduka ya dawa na maabara yanayoingia kupitia "healthcare".

VIWIANISHI. Kabla hujafungua ramani yoyote, panga safu ya latitudo kutoka ndogo hadi kubwa uikague kwa macho. Tanzania iko kati ya -0.9 na -11.8 kwa latitudo, 29.3 na 40.5 kwa longitudo. Kilicho nje ya hapo kina ugonjwa unaojulikana. Alama ya kutoa ikidondoka, zahanati ya Dar inahamia Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, 39.3 ikakaa kwenye latitudo na -6.8 kwenye longitudo, inaibukia Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Zote zikiwa sifuri iko baharini, Ghuba ya Guinea. Hizo zinajitangaza zenyewe.

Zinazosumbua ni zile zinazobaki ndani ya nchi. Karani ana karatasi iliyoandikwa nyuzi 6, dakika 48, sekunde 30 kusini. Anaingiza -6.4830. Sahihi ni -6.8083, kwa sababu dakika unagawa kwa 60 na sekunde kwa 3,600. Kituo kimeruka kama kilomita 36 kuelekea kaskazini, jirani na Bagamoyo, na hakuna programu itakayolalamika. Dalili yake: kwenye faili la halmashauri nzima, tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazivuki 59, na mbili zinazofuata nazo hazivuki 59. Kwenye mstari mmoja inaweza kuwa bahati. Kwenye mistari 40 siyo.

Angalia na urefu wa namba. Desimali mbili ni kama kilomita 1.1, tatu ni mita 110, nne ni mita 11, tano ni kama mita moja. Kituo chenye -6.81 usikilaumu kwa kuwa mita 400 kutoka kilipo, data yenyewe imeshakwambia haijui zaidi ya hapo. Ila Excel hula sifuri za mwisho, kwa hiyo soma safu nzima kabla ya kuhukumu mstari mmoja.

Mwisho wa hatua hii, tafuta jozi zinazojirudia. Vituo vitano vyenye viwianishi sawasawa hadi desimali ya mwisho kwa kawaida ni katikati ya kata au ofisi ya halmashauri. Viandikie "mahali hapajulikani" na usivipime umbali, vinginevyo wastani wako wote umeharibika.

tarakimu_tupu

Shukrani mkuu. Swali: nimeweka leya zote mbili kwenye QGIS (programu ya ramani), vituo vya wilaya moja karibu vyote vimehamia upande mmoja, kama mita 300 hivi. Iliyohama ni OSM au ya serikali?

kigingi

Hiyo ni datamu, yaani msingi ambao viwianishi vinapimwa juu yake, mdau. Ramani za zamani za 1:50,000 na kazi nyingi za upimaji wa Tanzania na Kenya ziko kwenye Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS na OSM ziko kwenye WGS 84. Ukichukua namba za UTM (viwianishi vya mita) za Arc 1960 ukaiambia QGIS ni za WGS 84, kila kitu kinakaa karibu mita 300 kaskazini ya mahali pake na kama mita 90 hadi 100 magharibi. Kagua mwelekeo: makosa ya kuandika hutawanyika kila upande, ya datamu huenda pamoja. Kama zako zimeenda kusini au mashariki, sababu ni nyingine.

Usisogeze alama kwa mkono. Bonyeza leya kwa kitufe cha kulia, ipe mfumo wake halisi, EPSG:21037 kwa ukanda wa 37 kusini au EPSG:21036 kwa wa 36, ndipo uihifadhi upya kama EPSG:4326, yaani WGS 84. Kumpa leya mfumo na kuibadili mfumo ni kazi mbili. Anayezichanganya huishia na kosa lilelile kwenye faili jipya. QGIS ikikuuliza njia ya kubadili, chagua inayotaja Kenya na Tanzania. Halafu chukua vituo vitano vyenye majengo yanayoonekana wazi kwenye picha ya satelaiti, uone kama vimekaa.

Kupima umbali tumia mfumo wa mita, usipime kwa nyuzi. Dar, Tanga, Arusha na Mtwara ni EPSG:32737. Mwanza, Mbeya na Dodoma ni 32736. Kigoma mjini iko longitudo 29.6, kwa hiyo ni 32735, na hapo wengi huteleza.

safu_wima

Naongezea kwenye majina, maana ndiyo shughuli yenyewe.

Umbali peke yake mjini unadanganya: Manzese ndani ya mita 150 unaweza kukuta kliniki tatu binafsi. Jina peke yake vijijini linadanganya pia, maana Majengo na Mji Mpya zimejaa nchi nzima. Tumia vyote viwili.

Tengeneza safu mpya ya jina safi kwenye kila faili. Herufi zote ndogo. Toa "zahanati ya", "kituo cha afya", "hospitali ya", "dispensary", "health centre", "hosp", "h/c", nukta, na nafasi mbilimbili. "St.", "Mt." na "Mtakatifu" zifanye kitu kimoja. Aina ya kituo usiitupe, ihamishie safu nyingine, kwa sababu kata moja inaweza kuwa na zahanati na kituo cha afya vyenye jina moja, na ukivisafisha vibaya umevifanya kimoja.

Kisha QGIS, zana ya "Join attributes by nearest". Weka majirani 3, si 1. Umbali wa juu: mita 500 mjini, 2,000 vijijini. Jirani mmoja ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za watu: aliye karibu kuliko wote ni famasi yenye vyumba viwili vya daktari, zahanati yenyewe iko mita 80 mbele, na zana haikuiangalia. Ukishapata hao watatu, kokotoa levenshtein(), idadi ya herufi za kubadili ili jina moja liwe jingine, kati ya majina safi, ugawe kwa urefu wa jina refu zaidi. Chini ya 0.2 kubali. Kati ya 0.2 na 0.45 angalia kwa macho. Juu ya hapo kataa, isipokuwa umbali uko chini ya mita 50. Hizo ndizo zenye majina mawili, zipe kundi lao.

Hakuna fomula itakayokwambia kwamba Hospitali ya Sinza ndiyo watu wanaiita Palestina. Kwa hiyo kwenye OSM usivute "name" tu, vuta na alt_name, official_name na old_name, ulinganishe kila moja.

Halafu usioanishe kwa jina la wilaya. Sinza ilikuwa Kinondoni, sasa iko Ubungo. Kigamboni ilitoka Temeke. Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam tangu 2021. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya 2016, kwa hiyo mipaka ya sensa ya 2012 haina Songwe kabisa, na ukioanisha kwa mkoa utapoteza vituo vyote vya huko bila onyo lolote.

bando_limeisha

Yote hii ya nini? Fungua Google Maps uone kituo kilipo, unakili, basi.

leseni_kwanza

Kuangalia kwa macho yako sawa. Kunakili kutoka Google kuingiza OSM hairuhusiwi, na kitakachofuata ni kufutiwa kazi yako yote. Picha zilizoruhusiwa, kama za Bing na Esri, ziko ndani ya JOSM na iD, programu za kuhariri OSM, zenyewe, tumia hizo.

mbio_mbio

Basi kwa nini tusiingize rejista yote OSM kwa mkupuo mmoja tumalize? Vituo ni maelfu, nani atazunguka?

leseni_kwanza

Kwanza ni leseni. Data kuwa mtandaoni na kupakuliwa bure haimaanishi ina leseni. OSM iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata huria, tangu Septemba 2012, na kila unachokiingiza lazima kiendane nayo. CC0, isiyo na masharti, inaingia bila shida. CC BY 4.0, inayodai mwenye data atajwe na ambayo ofisi nyingi huipenda, peke yake haitoshi: OSM inataka mwenye data aandike kwamba anakubali itumike huko, kwa sababu masharti ya kumtaja mwenye data na ya kufuli za kidijitali hayalingani sawasawa. Barua pepe moja kutoka kwa mwenye mamlaka inamaliza suala hilo. Bila hiyo, tumia orodha kama dokezo la mahali pa kwenda kuangalia, usiinakili.

Pili kuna utaratibu wa uingizaji: unaandika ukurasa wa mpango kwenye wiki, unapeleka kwa jamii ya nchi na kwenye orodha ya barua pepe ya uingizaji, unatumia akaunti tofauti. Kuuruka ni njia rahisi ya kufutiwa kila ulichoingiza.

Na kuna upande wa pili ambao wenzetu wa ofisini huusahau. Halmashauri ikichukua viwianishi vya OSM ikajazia mapengo ya rejista, kisha ikaitoa rejista hiyo kwa umma, sehemu hiyo inafuatwa na ODbL: lazima OpenStreetMap itajwe, na hifadhidata iliyotokana nayo itolewe kwa masharti yaleyale. Kutumia OSM kugundua kwamba mstari wa 212 una kasoro, kisha kumtuma mtu akapime upya, hakuna tatizo lolote.

mpima_kata

Leseni umeimaliza mkuu. Mimi nina hofu nyingine kuhusu mkupuo: unaua ushahidi. Kama alama za OSM zilitoka kwenye rejista, basi unailinganisha rejista na kivuli chake. Hilo limeshatokea sehemu nyingi kimyakimya. Ukiona jozi ambayo umbali ni mita 0.0, usifurahi, hakuna watu wawili wanaopima mlango mmoja wakapata desimali tano zilezile. Fungua alama hiyo OSM, soma tagi ya source na maelezo ya changeset, yaani rekodi ya mabadiliko yaliyoiingiza. Jozi hizo zitoe kwenye hesabu ya usahihi.

Hiyo inagusa na vyanzo vya tatu. Healthsites.io inajengwa juu ya OSM, kwa hiyo si shahidi mpya. Orodha ya watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome, Kenya, ya 2019, yenye vituo 98,745 vya umma kusini mwa Sahara, ilikusanywa kwa sehemu kubwa kutoka orodha za wizara, na ni ya umma tu. Hospitali binafsi kutokuwemo humo hakuthibitishi chochote.

Kuna kipimo kimoja nakipenda kwa sababu hakihitaji majina kabisa: majengo. Sehemu kubwa ya Tanzania imechorwa majengo kutoka kwenye picha za satelaiti na watu walio mbali, yakabaki building=yes bila jina. Chukua kila alama ya rejista, pima umbali hadi jengo la karibu. Ikiwa hakuna jengo ndani ya mita 200 na eneo hilo limeshachorwa, alama hiyo ina kasoro karibu hakika. Kumbuka hilo sharti la pili; kama eneo halijachorwa hujapima kitu. Na kipimo hiki ni cha vijijini. Tandale kila mahali kuna jengo.

Ndiyo maana kituo kukosekana OSM vijijini mara nyingi ni jina linalokosekana, jengo lenyewe lipo. Dar ni habari nyingine: mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria ulianza 2015 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM, wakapita kata zinazofurika mtaa kwa mtaa. Kulinganisha kata hizo na kijiji cha Katavi kwa asilimia moja ya nchi nzima ni kupoteza muda.

darubini_ke

Salamu kutoka Nairobi. Hilo la nne kwenye orodha yako, kituo ambacho upande mmoja hauna kazi ya kukiorodhesha, sisi tulikutana nalo kwenye shule. Serikali ya Kenya ilifungua tovuti ya data huria Julai 2011, na orodha ya shule iliyowekwa humo ilikuwa ya 2007. Map Kibera walikuwa wameanza kuchora Kibera 2009. Ukiweka hizo mbili pamoja, Kibera kwenye data rasmi ina shule chache mno, kwenye ramani ya jamii zimejaa kila kona. Mtu wa haraka anasema wizara imeficha shule. Ukweli ni kwamba nyingi ni zile za APBET (elimu ya msingi nje ya mfumo wa kawaida), za jamii, makanisa na watu binafsi, ambazo hazikuwa zimesajiliwa kama shule za kawaida. Orodha ya wizara ilijibu swali la "zipi tumezisajili", ramani ikajibu "watoto wanasoma wapi".

Kwa hiyo weka safu ya operator:type (aina ya mmiliki) kabla ya kuhesabu. Linganisha za umma na za umma. Zisizosajiliwa zipe jedwali lao. Na angalizo: kutangaza orodha ya shule au kliniki zisizosajiliwa pamoja na viwianishi vyake kunaweza kuzipelekea askari wa kaunti asubuhi yake. Ongea na wenyewe kwanza.

tarakimu_tupu

Nimeelewa kuhusu datamu, zimekaa. Sasa bosi anataka namba moja: "vituo halisi ni vingapi?" Nimwambie nini?

safu_wima

Kuna njia ya watu wa wanyamapori, ya kukamata na kukamata tena. Namba za kufikirika: rejista ina 200, OSM ina 150, vilivyooana 110. Unazidisha 200 kwa 150, unagawa kwa 110, unapata kama 273. Vilivyoonekana na angalau upande mmoja ni 200 + 150 − 110, yaani 240. Kwa hiyo takriban 33 hakuna upande ulioviona.

Masharti yake ni makali. Orodha mbili ziwe hazikunakiliana, ndiyo maana zile za mita 0.0 lazima zitoke kwenye pande zote. Vilivyofungwa vitoke pia. Na hospitali kubwa inaonekana kirahisi na kila mtu, kliniki ya uchochoroni haionekani na yeyote. Hali hiyo inaifanya jumla itoke ndogo kuliko ilivyo. Punguza tatizo kwa kukokotoa hospitali, vituo vya afya na zahanati kila kimoja peke yake. Jozi zilizooanishwa ovyo nazo zinaivuruga: kila jozi halisi unayoikosa inapandisha jumla. Mpe bosi wako kati ya namba mbili, usimpe moja.

mpima_kata

Na kabla hujampa, tuma mtu uwandani. Huhitaji kwenda kote. Una makundi matano: vimeoana, vimeoana ila viko mbali, rejista tu, OSM tu, majina mawili. Chagua 30 kwa bahati nasibu kutoka kila kundi, likiwemo la vilivyooana, maana watu hulisahau na ndilo linalokwambia kama uoanishaji wako ulikuwa na akili.

Fomu ya Kobo (programu ya kukusanya data kwa simu) iwe fupi: jina kama lilivyoandikwa kwenye kibao, jina wanalotumia majirani, namba ya usajili, aina, mmiliki, kinafanya kazi au hakifanyi, picha ya kibao. Simu isubiriwe hadi usahihi wa GPS ushuke chini ya mita 10, ukiwa umesimama nje kwenye lango, si chini ya bati. Amueni mapema kama mnapima lango au jengo. Kwenye hospitali yenye eneo kubwa tofauti hiyo peke yake ni mita 150. Anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kituoni muone mganga mfawidhi, na usipige picha yenye mgonjwa ndani.

Marekebisho ya rejista yapeleke halmashauri kwa mratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), chini ya mganga mkuu. Usipeleke ramani yenye rangi nyekundu. Peleka jedwali: namba ya kituo, kilichoandikwa, kilichokutwa, tarehe, picha. Mistari 20 iliyokamilika inafanyiwa kazi. Faili la mistari 900 linafunguliwa mara moja tu.

mbio_mbio

Sawa wakuu, nimekubali yaishe. La mwisho: zahanati imekutwa imefungwa, jengo lipo, kibao kimeng'olewa. OSM naifuta?

leseni_kwanza

Usifute. Ukifuta, mtu mwingine mwenye orodha ya zamani ataichora tena baada ya miezi miwili. Badili amenity=clinic iwe disused:amenity=clinic, jina liache kwenye old_name, ongeza check_date yenye tarehe ya siku uliyofika. Jengo likishabomolewa ndipo unaliondoa.